Kijiko cha Unga wa Mifupa

Mguu wa paka mchanga ukivunjika hautoi sauti kubwa. Ni kama kijiti cha kiberiti tu. Niliusikia nikiwa nimesimama mlangoni pa jikoni na sufuria ya maziwa mkononi, na nilijua papo hapo ni nini, kwa sababu mtu aliyechinja kuku kila wiki anaijua sauti ya mfupa. Yule mtoto wa paka alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti. Kiti tu, si mti. Alipofika chini alikaa, akautazama mguu wake wa mbele kama kitu cha mtu mwingine, ndipo akalia.

Haya naandika kwa mkono wangu, na asiyependa Kiswahili changu aliweke daftari chini. Shule nilifika darasa la pili. Yaliyobaki nilifundishwa na moto. Nilitoka kwetu Kisii bila viatu, nikaingia Kericho kuchuma majani ya chai ya watu, na leo nachuma yangu. Nina ng'ombe wa gredi na nyumba ya mawe, na hakuna mtu anayeweza kusimama aseme alinipa. Hayo watoto wangu wameyasikia mpaka wamechoka. Hili la paka sijawaambia.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Mameneja wa shamba walikuwa bado Wazungu, na mimi nilikuwa mpishi wa mmoja wao katika bangalo la juu, lile lenye veranda inayotazama chai mpaka macho yachoke. Nilianza kwa kuchuma. Kutoka hapo nikaosha masufuria, kutoka masufuria nikashika kisu, na baada ya miaka minne nilikuwa na kanzu nyeupe na jikoni yangu. Rosti, supu, pudini, keki ya tabaka, vyote nilijua. Hakuna mtu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, aliyeingia jikoni kwangu bila kubisha, hata nyapara.

Memsabu hakuwa na watoto. Alikuwa na paka. Si paka hawa wetu wa kulala kwenye jivu. Hawa asili yao ilikuwa Siam, na walikuja kwa ndege ndani ya sanduku. Mwili rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, uso na masikio na miguu myeusi kana kwamba wamechungulia ndani ya chungu, macho ya samawati. Sauti yao ilikuwa ya mtoto aliyenyimwa kitu. Walikuwa na karatasi iliyoandikwa baba, babu, na baba wa babu. Mimi karatasi yangu ilikuwa kipande chenye alama ya kidole.

Yule jike akazaa watoto watatu. Walikuwa wameahidiwa watu wakubwa wa Nairobi hata kabla hawajafungua macho. Memsabu aliwapima kila Jumatatu kwenye mizani yangu, ile ile ya unga wa keki, na nikawa naiosha mara mbili.

Kwenye mlango wa stoo ya chakula alibandika orodha ya chakula chao. Hakuniuliza kama nasoma Kizungu, nami sikumwambia. Kila asubuhi nilisimama mbele ya ile karatasi nikitingisha kichwa kama mtu anayekubaliana nayo. Lakini siwezi kujificha nyuma ya karatasi, kwa sababu alinieleza pia kwa mdomo.

"Mpishi, nyama ya ng'ombe. Ini, mara moja kwa wiki tu. Samaki. Yai. Na hii." Akaweka mezani mfuko wa kaki. "Hii iko mifupa, nasagwa. Tia kijiko moja kwa chakula ya watoto. Kila siku. Nasikia?"

"Ndiyo, memsabu."

Alipotoka niliufungua. Unga wa kijivu, harufu ya kwato iliyoungua. Niliujua. Ulikuwa unga ule ule ambao mzee wa bustani alikuwa akiufukia kwenye mashina ya waridi. Nikasema moyoni: mbolea haiingii jikoni kwangu. Anataka mimi, mpishi wa kanzu, niweke mbolea kwenye chakula na kukibeba kwenye sahani?

Tena kulikuwa na jambo lingine. Nyumbani kwetu mgeni wa heshima hapewi mfupa. Mama yangu, akija mkwe, alichagua nyama kipande kwa kipande. Mfupa ni wa mbwa. Kumwekea mtu mfupa ni kumwonyesha njia ya kurudi kwao. Na hawa paka walikuwa wageni wa heshima kuliko wageni wote niliowahi kuwapikia.

Basi nikawapa steki. Nyama laini ya mgongo, nimeondoa kila utando mweupe, nimekata vipande vidogo kama punje za mahindi. Samaki nikimtoa miiba, hawamtaki. Yai hawalitaki. Paka ni kama mtu, ukimzoesha tamu hageuki nyuma. Mwisho ikawa steki asubuhi, steki jioni. Manyoya yaling'aa. Uzito ukapanda kwenye mizani yangu. Memsabu akasema, "Mpishi, mzuri sana," na mimi nikanyoosha kanzu.

Na ule mfuko ulitakiwa upungue. Kwa hiyo kila asubuhi nilichota kijiko kimoja, nikakimwaga dirishani, kwenye shina la waridi lililokuwa chini yake. Kijiko kimoja, kila siku, kama nilivyoambiwa.

Mzee wa bustani alikuwa Mkipsigis wa Merigi, huko ng'ambo ya Bomet. Kwa umri angeweza kuwa baba yangu mkubwa. Alikuwa amelima bustani za Wazungu kwa miaka thelathini na alikuwa na haki ya kupumzika, lakini mke wake alikuwa na kifua kikuu. Zahanati ya shamba ilikuwa ikimpiga sindano. Dresa, yule mganga wa zahanati, alikuwa amemwambia waziwazi mbele ya watu: sindano hizi ni za miezi mingi, ukikatiza katikati ugonjwa unarudi na hasira. Na sindano zilikuwa za mfanyakazi na mke wake. Ukiacha kazi, umeacha sindano. Laini nzima ilijua kwamba yule mzee anakata nyasi za memsabu kwa ajili ya kifua cha mama yule.

Siku moja saa nne mzee alikuja mlangoni kwa chai. Hakuingia, alikaa kwenye ngazi.

"Mpishi, hao watoto wa mzungu wamekula nini leo?"

"Steki."

"Na mifupa?"

"Mifupa ni ya mbwa, mzee."

Akapuliza chai yake. "Wewe kwenu ulichunga nini? Ndizi?"

"Nilichunga masufuria. Ndiyo maana wewe unakunywa chai yangu."

"Basi ndiyo maana hujui. Ng'ombe wetu wakikosa chumvi hutafuna mifupa malishoni. Ng'ombe, ambaye hali nyama! Nani alimfundisha? Na paka akikamata panya, umeona akichambua mifupa na kuiweka kando ya sahani?"

"Hawa hawali panya. Wana karatasi."

"Tumbo halisomi karatasi," akasema. Halafu akalitazama lile waridi la dirishani. Lilikuwa limetoa maua makubwa kama ngumi, wakati wenzake walikuwa bado vichipukizi. "Hili lako, mpishi, linakula vizuri kuliko sisi wote."

Nikacheka. Niliona ni mzaha wa mzee.

Ndipo likaja lile la kiti. Memsabu alitoka mbio chumbani, akambeba yule mtoto, akaona mguu unaning'inia. "Nani napiga?" alipiga kelele. "Nani napiga paka yangu?" Nilikuwa naweza kusema, memsabu, hakuna mtu, ameruka kwenye kiti na mimi nimeona kwa macho. Lakini neno moja lina mtoto wake. Angeuliza, mfupa gani huu unaovunjwa na kiti? Na hapo tungefika kwenye mfuko. Nikanyamaza.

Siku tatu baadaye wa pili akaanza kuburuta miguu ya nyuma. Ukimgusa mgongo anapiga yowe. Sasa memsabu akawa na hakika. Na akakumbuka kwamba alikuwa amemwona mzee wa bustani akimfukuza yule paka mama kwa ufagio, kwa sababu alikuwa akifukua miche.

Bwana aliporudi kwa chakula cha mchana tuliitwa veranda, mzee na mimi. Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na trei.

"Wewe napiga paka?" bwana akamwuliza.

"Hapana, bwana. Nilifukuza yule mama, na ufagio, mara moja. Hawa wadogo sijagusa."

"Basi nani?"

Mzee alinitazama mimi. Hakunitazama kwa muda mrefu, ni kama mtu anayeangalia kama mlango umefungwa.

"Mpishi, wewe naona nini?"

"Mimi sikuona kitu, bwana."

Nilijua mambo mawili siku ile. Nilijua mguu ulivunjika kwenye kiti, na nilijua kijiko kilikuwa kinakwenda wapi. Sikuwa bado nimejua kwamba hayo mawili ni jambo moja, lakini nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba ni moja, na woga huo ndio ulionifunga mdomo. Nilikuwa na mke, nilikuwa na watoto wawili kule laini, nilikuwa na kanzu. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya nikiwa nimesimama na trei, na sitaisema kwa maneno mazuri zaidi.

Bwana akasema aondoke siku hiyo hiyo.

Alikuja nyuma ya jikoni kuchukua vitu vyake kwenye stoo ya bustani. Panga, kikombe cha bati, koti la mvua lililopasuka bega. Akaviweka kwenye gunia, akalifunga kwa kamba, hatua nne kutoka dirishani kwangu. Mimi nilikuwa nikimenya viazi. Akafunga, akavuta, akafungua tena. Akafunga mara ya pili. Akafungua. Nikadhani ni vidole vya uzee. Mke wake alikuwa amepanda kutoka laini na kigoda kichwani, amesimama chini ya mkaratusi akikohoa ndani ya leso, na mkononi ameshika kadi ya zahanati. Hakuna aliyemwambia aiache.

Mzee alipofunga mara ya tatu akanyanyuka.

"Haya, mpishi."

"Haya, mzee. Mungu yuko."

"Yuko," akasema. "Na wewe uko."

Wakashuka na barabara ya lori, yeye mbele, mama nyuma, chai ikiwafunika mpaka kiunoni. Wakati wa kukohoa mama alisimama, na mzee akasimama pia, bila kugeuka.

Wiki iliyofuata daktari wa mifugo akaja, Mzungu mfupi mwenye mikono mikubwa. Akawalaza wale paka juu ya meza yangu, juu ya taulo. Akawapapasa mbavu polepole kama mtu anayetafuta shilingi ndani ya godoro. Wa tatu, ambaye tulidhani ni mzima, alikuwa na mkia uliopinda mahali pawili. Daktari akaongea na memsabu kwa muda mrefu. Nilielewa "nyama," nilielewa "mifupa," nikamwona memsabu anaketi.

"Hakuna mtu alipiga," akaniambia. Sauti ilikuwa imekauka. "Nyama tupu, nyama tupu, mifupa nakuwa kama karatasi. Mpishi. Ile unga. Wewe natia?"

"Kila siku, memsabu."

Nikaleta mfuko. Umefika nusu, kama ulivyopaswa kufika. Daktari akaonja unga kwa ncha ya ulimi, akainua mabega. Dirisha lilikuwa wazi na waridi lilikuwa limechungulia ndani. Hakuna aliyelitazama.

Wawili hawakuweza kupona. Aliwachoma sindano pale pale mezani, mmoja baada ya mwingine, huku memsabu amewashika kichwa. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha yai. Mimi nilitazama ile sindano, nikafikiria sindano nyingine, zile za zahanati, na siku zilizokwisha kupita tangu mama yule akose ya kwake. Nilihesabu. Zilikuwa siku saba. Siku saba bado zilikuwa kitu cha kurudishwa.

Na kama Mungu alikuwa akinipa nafasi, aliitoa wakati huo huo. Memsabu alifuta uso akasema, "Ule mzee. Mimi nafukuza bure. Lazima narudi. Mpishi, wewe najua kwake?"

Nilijua. Merigi, kupita soko, kuteremka mpaka kijito, nyumba yenye mikorosho miwili iliyokataa kuzaa, aliyoletewa na mtu wa pwani na watu wote wakamcheka. Alikuwa amenieleza mara mia pale kwenye ngazi. Lakini akirudi atasimama veranda, ataulizwa, na yeye anajua maua.

"Sijui, memsabu. Ni mbali, huko Bomet. Watu ni wengi."

Angeweza kumwuliza nyapara. Angeweza kumwuliza dresa. Hakuuliza. Jibu langu lilimtosha, na mimi sikushangaa.

Yule aliyebaki nilimlisha vizuri. Nilisaga vichwa na shingo za kuku kwenye mashine ya nyama, na mifupa yake, mara mbili, mpaka iwe laini. Nikachanganya nyama kidogo, yai, na kijiko cha ule unga, nikimtazama anavyomeza. Kwanza alikataa. Alikaa na njaa siku mbili akinitukana kwa ile sauti yake, nami sikumpa steki. Siku ya tatu alikula. Aliishi, akichechemea, na Nairobi hakuna aliyemtaka. Hata leo mtu mwenye paka wa ukoo akiniuliza amlishe nini, namwambia: mpe nyama pamoja na mfupa uliosagwa, ini kidogo tu, usimwendekeze na kitu kimoja, na usimchagulie chakula kwa heshima yako wewe. Wanadhani nimesoma mahali.

Mwaka wa pili bwana na memsabu walirudi kwao, mameneja weusi wakaanza kuingia. Memsabu aliniachia barua. Karani alinisomea: mpishi hodari, msafi, mwaminifu. Nilimwambia arudie hilo neno la mwisho. Kwa barua hiyo nilipata kazi ya hoteli mjini Kericho, na kutoka hoteli ya mtu nikafungua yangu, na kutoka hoteli nikanunua chai. Nilisema hakuna aliyenipa. Barua hiyo nilipewa.

Kabla ya kuanza hiyo kazi nilipanda basi mpaka Bomet, nikatembea mpaka Merigi. Nilikuwa na kilo mbili za sukari na paketi ya majani. Mikorosho niliiona kutoka mbali.

Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kile kile. Alikuwa ameshika kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, katikati ya magoti na anakisugua ndani kwa kijiti chenye kaa la moto, kama wanavyofanya ili maziwa yapate kuiva na kukaa. Kwao hiyo ni kazi ya mwanamke. Mwanamume hasugui kibuyu kama kuna mtu mwingine nyumbani wa kukisugua. Kwa hiyo nilijua kabla sijafika kwenye uzio.

"Chamgei, mzee."

Aliinua macho. "Ah. Mpishi. Umenenepa."

"Pole, mzee."

"Alipata mvua moja," akasema, na akaonyesha kwa kidevu mahali nyuma ya nyumba palipoota nyasi fupi. "Ile ya pili hakuiona."

Nilibaki nimesimama. Hakuniambia nikae.

"Memsabu alisema urudi," nikasema. "Waligundua kwamba hukupiga."

"Alisema lini?"

"Wiki ile iliyofuata."

"Na alimtuma nani?"

Mzee alisugua. Kaa liligusa ukuta wa kibuyu, likatoa harufu.

"Mzee, ule unga..."

"Lile waridi la dirishani," akasema. "Nimefukia unga wa mifupa miaka thelathini. Wewe ungenificha mimi? Nilijua hata kabla ya mguu wa kwanza."

"Sasa kwa nini hukusema pale veranda?"

"Kwa nani? Mimi na kofia mkononi, wewe na kanzu. Wangesema mzee anamsingizia mpishi." Akageuza kibuyu, akakipiga kwa kiganja, majivu yakadondoka. "Tena halikuwa neno langu, lilikuwa lako. Ile kamba niliifunga mara tatu, mpishi. Ulifikiri sijui kufunga kamba?"

Niliiweka sukari juu ya jiwe karibu na mlango, na paketi ya majani kando yake. Alirudia kusugua. Nilipofika juu barabarani mvua ilikuwa imeanza, ile ya mchana ya huko, nzito bila upepo. Niligeuka. Alikuwa ameingia ndani na kigoda na kibuyu chake. Sukari alikuwa ameiacha juu ya jiwe.